Ukiwa na sukari au presha na kichwa hakishiki vitu: jinsi ya kupanga msosi wa kila siku

Kliniki ya sukari watu wanaongelea miguu kuwaka moto, macho, mkojo wa usiku. Kuna kitu kingine wengi hawakisemi maana wanadhani ni uzee au mawazo tu, yaani unaingia chumbani unasahau umefuata nini, unasoma meseji mara tatu haiingii, ikifika saa tano asubuhi kichwa kizito, mtu anakuongelesha unaitikia tu mradi. Wenye presha ya muda mrefu wanalijua hili, wenye damu pungufu wanalijua pia. Na ukiuliza mtaani utaambiwa kula hiki, kunywa kile, kuna unga fulani unafungua ubongo. Mi napika kwenye nyumba yenye mgonjwa wa sukari na presha kwahiyo nitakaa kwenye hayo mawili zaidi, na kwa vyakula vya genge la kawaida tu.

Kwanza tuelewane ili usipoteze hela. Hakuna chakula kinachorudisha kumbukumbu, hakipo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush kule Chicago, wakiongozwa na Martha Clare Morris, walitoa mpangilio wa kula unaoitwa MIND: mboga za majani karibu kila siku, maharage, karanga na jamii yake, nafaka zisizokobolewa, samaki, kuku, mafuta ya zeituni, na kupunguza siagi, nyama nyekundu, vya kukaanga na vya sukari. Wazee waliokuwa wanakula karibu na hivyo akili zao zilichelewa kushuka, watu wakashangilia. Halafu 2023 yakatoka majibu ya jaribio lenyewe, watu 604 kwa miaka 3, kundi moja likafuata MIND na lingine likaendelea na chakula chao ila wote wakasaidiwa kupunguza uzito kidogo, na mwisho tofauti ya akili kati ya makundi mawili haikuwa ya maana, wote walipanda kidogo. Kwahiyo mtu akikuuzia chakula cha ubongo kwa uhakika wa asilimia mia, jua ni biashara.

Sasa kwanini tuhangaike na sahani? Kwa sababu kwa mgonjwa wa sukari habari ni tofauti kidogo. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote, na karibu yote inatoka kwenye sukari ya damu, hauna ghala la maana la kujiwekea. Sukari ikipanda sana unakuwa mzito na msinziaji, ikishuka chini ya 3.9 (namba zote za sukari humu ni za mashine inayosoma mmol/L) unatetemeka, jasho linakutoka, unaongea vitu havieleweki. Na hiyo ni ya siku hiyohiyo, bado hatujaongelea mishipa midogo ya kichwani inayochakaa taratibu kwa miaka ya sukari na presha zisizotulia. Chakula kinachosaidia akili yako ni kile kinachofanya sukari isiruke ruke na presha isipande, basi. Hayo ya vitamini yanakuja baadae, na yapo, nitayafikia.

Kabla hujabadilisha chochote, chukua daftari. Wiki moja hivi andika saa ambayo kichwa kinazingua, ulikula nini kabla, na kama una mashine ya kupima, piga kipimo muda huohuo. Usipime asubuhi tu ukaridhika, maana wengi wana 6 nzuri kabisa wakiamka halafu saa nne wako 14. Hilo daftari ndo litakalokuambia tatizo lako liko asubuhi, mchana au usiku, na ndo daktari wako atalipenda kuliko maelezo ya mdomo.

Kwa wengi tatizo liko asubuhi. Mama mkubwa wangu ukimuuliza anakujibu hivi:

"Shikamoo mama mkubwa, umekula nini leo?"

"Marahaba mwanangu, sijala kitu, nimekunywa chai tu."

Chai tu hiyo ni kikombe kikubwa cha chai ya rangi vijiko vitatu vya sukari, na maandazi mawili au chapati. Kwake hiyo sio kula. Saa tatu sukari iko juu, saa tano macho yanafumba kwenye kiti na simu ikiita anasahau jina la mtu aliyempigia. Tulichofanya hakikuwa na maajabu, chai ilibaki, sukari ikatoka (taratibu, kijiko kikipungua kila baada ya siku kadhaa, tangawizi na iliki na mdalasini vikaongezwa), andazi likawa la siku za wageni, na badala yake yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha ukubwa wa ngumi, au bakuli dogo la maharage ya jana yaliyopashwa na robo ya parachichi. Kiazi kitamu cha kuchemsha kinapandisha sukari taratibu kuliko cha kuchoma, usinichekee, ni kweli. Yai lina kolini, ambayo mwili unaitumia kutengeneza kemikali moja ya mawasiliano ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ila hata bila hiyo kolini yai lingebaki zuri kwa sababu linakushibisha bila kugusa sukari.

Uji. Hapa nitagombana na watu. Uji wa lishe wa nafaka kumi unaonekana ni wa afya, lakini kitu kikisagwa laini hivyo kikapikwa kikawa kama maji, tumbo linakimaliza haraka sana na sukari inapanda haraka vilevile, hata kama ni ulezi au mtama. Ukiupenda kunywa kikombe kidogo, upike mzito, usagishe unga usiwe laini sana, usiweke sukari, weka maziwa au karanga iliyosagwa, na kula yai pembeni. Vikombe viwili vya uji mtupu kwa mgonjwa wa sukari ni sawa na chai na maandazi kwa jina zuri tu.

Mchana panga sahani hivi: nusu mboga za majani na kachumbari, robo maharage, samaki au kuku, robo ndo ugali au wali. Kwa Mtanzania wa kawaida hapo tumegeuza sahani juu chini kabisa, na najua ugali wa robo sahani unaonekana kama matusi, kwahiyo anza na kupunguza theluthi halafu endelea. Dona ni bora kuliko sembe. Anza kula mboga na maharage kwanza halafu ugali uje mwisho, majaribio ya wagonjwa wa sukari yameonyesha sukari baada ya kula haipandi sana ukifuata mpangilio huo kama inavyopanda ukianza na wanga. Hiyo haina gharama, ni kubadilisha tonge la kwanza tu.

Kama unakula kwa mama ntilie usione aibu, mwambie "mama, niwekee wali nusu, maharage mengi, na mboga mara mbili, nitalipa ileile." Hakuna anayekataa, wali ndo unaomgharimu. Na soda iliyo mezani iache hapo, chupa ya mililita 300 kwa kawaida ina sukari kama vijiko 7 hadi 8 vya chai. Juisi ya miwa usiniulize.

TAHADHARI kabla hujaenda mbali: kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ileile sukari inaweza kuporomoka. Mwambie daktari kwanza ili dozi iangaliwe. Hilo sio la hiari.

Tuje kwenye samaki maana hapa ndo pazuri. Ubongo una mafuta mengi na moja ya mafuta hayo ni omega 3 ya aina ya DHA, inayopatikana kwa wingi kwenye samaki wa mafuta. Watu wakisikia hivyo wanawaza salmoni wa Ulaya, wakati vibua wanauzwa feri na dagaa wako kila genge kuanzia Mwanza mpaka Kigoma, Kenya wanawaita omena. Dagaa pia wana vitamini B12, chuma, na kalsiamu kwa sababu unakula na mifupa. Mara mbili kwa wiki inatosha sana.

Wengi wanaochukia dagaa wamelishwa dagaa wa mchanga. Dagaa wa Mwanza wengi wanaanikwa chini kwahiyo mchanga ni lazima utegemee. Ukiwa sokoni wanuse kwanza, wakitoa harufu ya mafuta yaliyochacha na wana rangi ya njano njano waache, hiyo omega 3 imeshaharibika. Nyumbani kata vichwa, toa ule uchungu wa tumboni kama ni wakubwa, wamwagie maji ya moto, wasugue kwa mkono taratibu, wanyanyue juu (usimwage maji pamoja nao, mchanga utarudi nao), angalia chini ya bakuli, rudia mpaka chini pawe safi. Kisha wakaushe kwenye sufuria kavu moto mdogo mpaka walie kidogo. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, kitunguu, kitunguu saumu, nyanya mbili zilizoiva sana, hoho, ikishakuwa rojo tia dagaa na maji nusu kikombe, dakika kumi hivi, malizia na limao. Limao linafanya kazi mbili, linaua harufu na linakuwezesha kuweka chumvi kidogo. Usiwazamishe kwenye mafuta ya kukaangia mara ya nne, hapo umefuta faida yote.

B12 nimeitaja na nitarudi kwayo kwa sababu hii ni kubwa na wagonjwa wachache wanaambiwa. Metfomini, kidonge ambacho karibu kila mtu mwenye sukari ya ukubwani anameza, ikitumika kwa miaka inapunguza ufyonzwaji wa B12 kwa baadhi ya watu. Na B12 ikipungua dalili zake ni kusahau, kuchoka, kukosa umakini, ganzi na kuchomachoma miguuni, ambazo zote mtu anasingizia sukari au uzee. Kama umekaa na metfomini miaka kadhaa na kichwa hakishiki, uliza kama unaweza kupimwa B12, usiache dawa mwenyewe, upungufu unatibika kwa sindano au vidonge. Kwenye chakula B12 iko kwenye vitu vya wanyama tu: maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama. Anayefunga nyama na samaki kwa muda mrefu huku anameza metfomini awe makini maradufu.

Mboga za majani hatuna shida nazo kwa kupatikana, mchicha, matembele, majani ya maboga, mnafu, figiri, sukuma wiki, shida yetu ni kuzipika mpaka zinalia. Mboga laini kama mchicha dakika tatu nne zinatosha, kata na osha kabla ya kupika sio uloweke nusu saa, na maji yake usimwage maana folati na vitamini C ndo zimekimbilia humo. Kisamvu ndo tofauti, hicho kinatwangwa na kuchemshwa sana bila haraka kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Na tui la nazi weka la pili, jepesi, sio lile la kwanza zito kila siku.

Damu ikiwa pungufu umakini unashuka, mtoto wa shule au mtu mzima ni yuleyule. Chuma cha mboga na maharage kinaingia mwilini kwa shida, kinahitaji vitamini C pembeni (limao, chungwa, nyanya mbichi, pilipili hoho) na kinazuiwa na chai. Sisi tabia yetu ni kula maharage halafu chai ya rangi juu yake hapohapo. Iache chai ikae mbali na chakula, saa moja hivi kabla au baada. Ila usinunue vidonge vya chuma mwenyewe eti damu ndogo, hasa kama una selimundu, pima kwanza.

Karanga kiganja kimoja kwa siku, za kuchemsha au za kukaanga bila chumvi, ni kitafunwa kizuri cha saa kumi kuliko biskuti. Chagua moja moja, iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu tupa, usiitafune kwa huruma ya hela. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki yote kwa kukaanga, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara ilishaua watu kupitia mahindi, sio hadithi.

Kwa wenye presha adui mkubwa ni chumvi, na iko pale usipoitegemea. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, jumla, pamoja na ya kwenye mkate, ya ng'onda, ya soseji na ya kile kiungo cha pakiti tunachomwaga kwenye supu. Samaki wa chumvi loweka, mwaga maji, loweka tena. Jikoni kwetu kopo la chumvi tulilihamishia kabatini, likitoka mezani mkono unasahau wenyewe.

Maji. Dar au Mombasa ya mwezi wa pili ukikaa bila maji mpaka saa nane kichwa lazima kizubae hata ungekuwa mzima. Wazee wengi hawanywi kwa kuogopa kwenda haja kila saa, basi wanywe zaidi asubuhi na mchana wapunguze jioni. Wenye moyo au figo waliowekewa kipimo cha maji wafuate kipimo chao. Kahawa chungu kikombe kidogo asubuhi inaamsha kweli, haina shida kwa wengi, kashata ndo yenye shida. Ila baada ya saa nane mchana acha, kafeini inakaa mwilini masaa mengi na usiku ukikosa usingizi kesho yake hakuna dagaa atakayekuokoa.

Ramadhani nayo ina yake. Kwanza sio kila mgonjwa wa sukari anaruhusiwa kufunga, ongea na daktari kabla mwezi haujaandama. Ukiruhusiwa, daku ile karibu na alfajiri, sio saa sita usiku halafu ulale, na iwe na maharage au kunde, yai, mboga, wanga kidogo wa dona au kiazi kitamu. Kupima sukari hakufunguzi saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 unafungua hapohapo, hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari tende moja au mbili, kaimati na tambi za sukari onja, usifanye chakula.

Sukari ikishuka siku yoyote ile, mwenyewe anaweza asijue kwa sababu akili ndo ya kwanza kuzima, kwahiyo hii wafundishe walio nyumbani. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anajibu ovyo au ana hasira za ghafla: mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (sio ile ya bila sukari), subiri dakika 15, pima, kama bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Sasa mambo ya haraka haraka kwa wenye hali zingine. Figo zikiwa na shida, parachichi, ndizi, mchicha mwingi na maharage vina potasiamu, usifuate sahani yangu bila kuuliza. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mboga za majani asiziache wala asizirundike, ale kiasi kilekile kila wiki. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri akipewa vidonge vya chuma au kalsiamu aulize amezeje, maana vikikutana tumbo likiwa tupu vinapunguza nguvu ya dawa.

Unga wa mlonge watu wataniuliza tu. Mlonge ni mboga nzuri, majani yake mabichi pika kama mchicha ufurahie. Unga wa kwenye kopo unaouzwa kwa kuongeza kumbukumbu sijaona sababu ya kuununua, na kwa mtu anayemeza dawa za sukari unaweza kuongezea kushusha sukari bila kujua kipimo. Hela hiyo nunua vipande vya kupimia sukari au trei ya mayai.

Mpe mpangilio huu wiki kadhaa, endelea na daftari. Kama saa tano ya uzito imepotea, vizuri, chakula ndo kilikuwa shida. Kama sukari na presha zimetulia na bado unasahau, rudi kliniki na daftari lako uombe waangalie damu, B12, tezi la shingo, usingizi, msongo na dawa zote unazomeza zikiwemo za mafua na za usingizi ulizonunua mwenyewe. Na kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, au mdomo umeenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki, usisubiri uji uive, hicho kinaweza kuwa kiharusi, tafuta usafiri saa hiyohiyo.